Tokeni za shaba za Uingereza, 1787–1797: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapomwonyesha mtu sarafu hizi, maswali huja kwa mfuatano uleule: hii ni pesa ya mfalme gani, mbona haina mfalme, na mtu wa kawaida aliruhusiwaje kutengeneza pesa? Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake. Mengine nimeyajibu kwa mistari michache, mengine kwa urefu, kwa sababu huko ndiko kwenye habari yenyewe.

Tokeni hizi ni nini hasa?

Ni vipande vya mviringo vya shaba nyekundu vilivyotolewa na wafanyabiashara, wenye migodi, wenye viwanda na wenye maduka wa Uingereza, vikatumika kama chenji kwa miaka kama kumi, kuanzia 1787 hadi 1797. Serikali haikuhusika. Nyingi zina thamani ya nusu peni. Ziko pia za peni nzima na za robo peni.

Kwa msomaji wa leo aliyezoea tokeni za umeme, hizi ni kitu kingine kabisa: sarafu unayoishika, nzito, yenye picha na maandishi. Nusu peni ya kawaida ina upana wa milimita 28 au 29 na uzito wa gramu kumi hivi. Hesabu ya pesa za Uingereza wakati huo ilikuwa peni 12 kwa shilingi moja na shilingi 20 kwa pauni moja, kwa hiyo pauni moja ilikuwa na nusu peni 480. Kibarua wa shambani alipata shilingi nane hadi kumi kwa wiki. Pauni nzima hakuiona mara nyingi. Maisha yake yote, kuanzia mkate, mshumaa hadi bia, yalipita kwenye peni na nusu peni.

Kwa nini serikali haikutengeneza chenji ya kutosha?

Hapa ndipo pa kukasirikia, na mimi hukasirika kila ninaposoma.

Kiwanda cha Kifalme cha Sarafu kilikuwa ndani ya ngome ya Tower of London. Wakuu wake walihesabu kazi yao kuwa dhahabu, na kidogo fedha. Shaba waliiona kuwa duni, kitu cha kutolewa pale tu malalamiko yanapozidi. Nusu peni za shaba za Mfalme George III zilianza na mwaka 1770 na zikaishia na mwaka 1775. Baada ya hapo kiwanda kilinyamaza. Hata sarafu za fedha, shilingi na nusu shilingi, zilitoka kwa nadra sana katika miaka hiyo.

Na hata zile nusu peni zilipotengenezwa, anayezitaka alipaswa kuzifuata London na kuzisafirisha kwa gharama yake. Fikiria mwenye kiwanda cha pamba kule Lancashire, au mwenye mgodi Wales, siku kadhaa kwa gari la farasi, analipia mzigo wa shaba njia nzima. Basi sarafu mpya zilibaki London, na mikoa iliyokuwa ikikua kwa kasi ikakaa mikavu.

Wakati huohuo nchi ilikuwa inabadilika. Watu walikuwa wanaacha mashamba na kuingia viwandani na migodini, na huko hulipwi kwa kuku wala kwa gunia la ngano. Unalipwa kila wiki, kwa pesa. Mwenye kiwanda mwenye wafanyakazi mia tatu alihitaji maelfu ya vichele kila Jumamosi, na havikuwepo. Wengine waliwalipa watu kwa makundi: wafanyakazi kadhaa wanapewa sarafu moja kubwa, wanakwenda nayo kilabuni kuitafutia chenji, na mwenye kilabu haitoi mpaka wanywe. Wengine walilipa kwa bidhaa za duka la kampuni, kwa bei ya kampuni. Yeyote aliyewahi kurudishiwa pipi mbili dukani badala ya shilingi zake anajua dhuluma hii ndogo ilivyo. Tofauti ni kwamba kwao ilikuwa mshahara mzima.

Sarafu bandia zilikuwa nyingi kiasi gani?

Mwaka 1787 Kiwanda cha Kifalme chenyewe kilichunguza nusu peni zilizokuwa mikononi mwa watu na kukuta kwamba zilizofanana japo kidogo na sarafu halali ya mfalme hazikuzidi asilimia 8. Zilizobaki zilikuwa feki, nyepesi, za shaba mbovu, au zimelika mpaka hazisomeki.

Matthew Boulton, mwenye kiwanda wa Birmingham ambaye tutamrudia, aliandika mwaka 1789 kwamba akiwa safarini, chenji anayopewa kwenye vizuizi vya ushuru wa barabara kwa wastani ni theluthi mbili bandia. Katika barua hiyohiyo alieleza biashara ilivyokwenda: waajiri wa hali ya chini walinunua kwa wafua feki nusu peni za thamani ya shilingi 36 kwa shilingi 20 tu, kisha wakazitumia kulipa mishahara. Mfanyakazi anapewa shilingi tisa, anakwenda dukani, muuza duka anazitupia jicho na kuzikataa nusu yake. Shilingi 16 alizookoa mwajiri zimetoka mfukoni mwa mfanyakazi.

Sheria ilikuwepo, na tangu 1771 kugushi shaba lilikuwa kosa kubwa kuliko zamani. Lakini wajanja walipata upenyo. Walitengeneza vipande vyenye sura inayofanana na ya mfalme, na upande wa pili Britannia, yule mama aliyeketi anayewakilisha Uingereza, ila maneno wakayageuza: mahali pa jina la mfalme kwa Kilatini waliandika kitu kama “George anatawala”, na mahali pa “Britannia” wakaandika “visiwa vya Uingereza”. Kwa mtu asiyejua kusoma ni sarafu ileile. Mbele ya hakimu, mtengenezaji alidai hakugushi chochote, kwa kuwa sarafu ya mfalme haina maneno hayo.

Nani alianza kutoa tokeni?

Kampuni ya mgodi wa Parys, katika kisiwa cha Anglesey, kaskazini mwa Wales, mwaka 1787.

Mlima wa Parys uko karibu na mji wa Amlwch. Shaba nyingi iligunduliwa hapo mwaka 1768, na katika miaka ya 1780 mgodi huo ulikuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya shaba duniani. Walichimba kutoka juu mpaka mlima ukawa shimo. Wanawake walikaa kwenye vibanda wakiponda mawe yenye madini kwa nyundo, mkono mmoja umevaa pete za chuma kuzuia vidole visipondwe. Mkuu wa shughuli zote alikuwa mwanasheria aliyegeuka mfanyabiashara, Thomas Williams, ambaye watu walimwita mfalme wa shaba. Alikuwa na shaba kupita kiasi na wafanyakazi wasio na chenji. Mengine yalikuwa suala la kuunganisha tu.

Ninayo peni moja ya Parys, imechakaa kiasi lakini inasomeka. Mbele kuna kichwa cha kuhani wa kale wa Wakelti, mzee mwenye ndevu na kilemba cha nguo kichwani kama mtu aliyejifunika shuka asubuhi ya baridi. Amezungukwa na taji la majani ya mwaloni, na ukiitazama kwa lenzi utaona hata punje za mwaloni zimechongwa moja moja. Nyuma kuna herufi za kampuni, P, M na C, zimesukwa pamoja. Pembeni yake maneno: tunaahidi kumlipa mwenye kuishika peni moja. Kisha iinue uitazame ukingoni, mahali ambapo mtu haangalii, na utakuta ahadi inaendelea: pindi atakapodai, London, Liverpool au Anglesey.

Kwa nini watu walizipokea pesa za mtu binafsi?

Watu huniuliza swali hili kwa mshangao, na jibu langu ni lilelile: kwa sababu zilikuwa bora kuliko za mfalme.

Angalia shaba kwanza. Serikali ilikata nusu peni 46 kutoka ratili moja ya shaba, yaani nusu peni mbili zilibeba gramu 20 hivi. Peni za kwanza za Parys zilikatwa 16 kwa ratili, aunsi nzima, zaidi ya gramu 28. Mchimbaji aliyepokea peni ya kampuni alishika shaba karibu mara moja na nusu ya ile ambayo mfalme angempa kwa jina hilohilo, kama mfalme angempa chochote.

Halafu angalia ile ahadi. Nusu peni ya serikali haikukwambia uipeleke wapi ukiwa nazo nyingi kupita haja. Mwenye duka aliyejazwa chenji ya shaba hakuwa na pa kuibadilisha kwa fedha au dhahabu. Tokeni ilimpa anwani. Tokeni ya nusu peni kutoka Coventry iliandikwa ukingoni kwamba inalipwa kwenye ghala la Robert Reynolds na wenzake. Ghala lina mlango. Mlango una mtu anayejulikana mjini, na mtu huyo akikataa kulipa, kufikia jioni mji mzima umejua na biashara yake ya nguo inakufa pamoja na shaba yake.

Na la tatu, zilikuwa ngumu kugushi. Wachongaji walikuwa mafundi wa hali ya juu, picha zilikuwa na kina, na maandishi ya ukingoni yalihitaji mashine ambayo mfua feki wa chini ya ardhi hakuwa nayo. Nusu peni ya mfalme ilikuwa na ukingo mtupu.

Hazikupokelewa kila mahali. Tokeni ya mji mdogo ilianza kukataliwa kadiri ilivyosafiri mbali na kwao. Na baadhi ya watoaji walikuwa walaghai: shaba nyepesi, jina la duka lisilokuwepo, au ahadi isiyosema nani hasa atalipa. Watu walijifunza haraka kuzitenga.

Ilikuwa halali kisheria?

Kwa vitendo, ndiyo. Kufua dhahabu au fedha kwa siri lilikuwa kosa la uhaini, na kuiga sarafu ya shaba ya mfalme lilikuwa jinai. Lakini kipande cha shaba chenye jina lako mwenyewe na picha yako mwenyewe hakikuwa kinaiga chochote. Serikali iliacha. Hakuna aliyelazimishwa kisheria kuipokea tokeni, na hilo ndilo lililowalazimisha watoaji kuwa waangalifu.

Zilitengenezwa wapi na vipi?

Nyingi zilitoka Birmingham, na sababu yake ni vifungo vya nguo. Birmingham ulikuwa mji wa mafundi wa vifungo, bakuli na mapambo ya chuma. Kifungo cha shaba na sarafu vinafuata njia moja: unaviringisha shaba iwe bamba, unakata vidude vya mviringo, unavigonga kwa mhuri wa chuma. Fundi wa vifungo alipoletewa oda ya tokeni hakuhitaji kujifunza kazi mpya.

Mchongaji alichonga picha kinyumenyume kwenye kipande cha chuma laini, herufi kwa herufi, kisha chuma kikachomwa na kuzamishwa majini kiwe kigumu. Kikipasuka hapo, kazi ya wiki nzima imekwenda. Vidude vya shaba vilivyokatwa vilipitishwa kati ya vyuma viwili virefu vyenye maandishi, kimoja kimetulia na kingine kinasogea, kidude kikaviringika katikati yake na kutoka na maneno ukingoni. Ndipo kikawekwa kati ya mihuri miwili ya chuma, wa chini na wa juu, na parafujo kubwa ikashushwa kwa nguvu za wanaume wawili au watatu wanaovuta mkono wa mashine. Mtoto au kijana alikaa chini akiweka na kutoa sarafu kwa vidole, kwa kasi. Haikuwa kazi salama.

John Gregory Hancock ndiye aliyechonga ile peni ya Parys. Majina mengine utakayokutana nayo kwa upande wa watengenezaji ni Peter Kempson na William Lutwyche, wote wa Birmingham.

Boulton alikuwa nani, na mvuke uliingiaje?

Matthew Boulton alikuwa mshirika wa James Watt katika injini za mvuke. Alichukia sarafu feki kwa moyo wote, na alijua kwamba wafua feki wengi walikuwa majirani zake. Hoja yake ilikuwa hii: tengeneza sarafu nzuri mno, zinazolingana mno, kwa wingi mno na kwa bei ndogo mno, kiasi kwamba kugushi hakumlipi mtu. Mkono wa binadamu hauwezi. Mvuke unaweza. Mwaka 1788 akajenga kiwanda chake cha sarafu Soho, karibu na Birmingham, mashine zikisukumwa na injini, na mwaka 1790 akapata hataza.

Alichotaka ni kandarasi ya serikali. Hakuipata. Akasubiri karibu miaka kumi, na katika kusubiri huko alijilisha kwa kufua tokeni za watu wengine: za Parys, za tajiri wa chuma Wilkinson, za kampuni ya mgodi wa Cronebane wa Ireland, za Southampton, za Glasgow. Mtu aliyetaka kuokoa pesa za mfalme akaishia kuendesha mashine zake kwa pesa za wenye maduka.

Kuna picha gani juu yake?

Hapa ningeweza kukaa siku nzima.

John Wilkinson, tajiri wa chuma, aliweka kichwa chake mwenyewe mahali ambapo watu walizoea kumwona mfalme. Jina limezunguka kichwa, na ukingoni yako majina ya viwanda vyake: Willey, Snedshill, Bersham, Bradley. Nyuma ya tokeni za mwanzo kuna mfanyakazi amesimama mbele ya nyundo kubwa ya mashine, ameshika chuma kinachofuliwa. Ni sarafu chache sana kabla ya hapo duniani zilizomweka kibarua kazini. Wilkinson alikipenda chuma kiasi kwamba aliunda mashua ya chuma mwaka huohuo wa 1787, na alipokufa mwaka 1808 akazikwa kwenye jeneza la chuma.

Coventry walimweka Bibi Godiva, yule wa hadithi yao, amepanda farasi akiwa uchi ili mumewe awapunguzie watu kodi, na juu yake maneno ya Kilatini: kwa manufaa ya umma. Nyuma yupo tembo amebeba ngome mgongoni, nembo ya mji. Liverpool wana meli. Lancaster, kwa Daniel Eccleston, mwaka 1794 walipata kichwa chake upande mmoja, na upande wa pili jembe, kifaa cha kufumia na meli kwa pamoja. Dundee, kule Uskoti, James Wright alichora hata mchukuzi wa mizigo na gunia lake.

Kisha yako matangazo ya biashara. London, barabara ya Strand, ghorofani juu ya maduka ya Exeter Change, bwana Pidcock alikuwa na maonyesho ya wanyama. Tokeni zake zina tembo, simba, hata ng’ombe mwenye vichwa viwili. Kwa Mwingereza wa kawaida wa 1795 huenda hiyo ndiyo picha ya kwanza ya tembo aliyowahi kuishika mkononi. Na Basil Burchell wa nambari 79 Long Acre alitangaza mikufu ya watoto wanaoota meno na peremende za dawa ya minyoo, yote kwenye kipande kimoja cha shaba. Herufi zimejaa mpaka hakuna nafasi ya picha.

Zilitumika kwenye siasa?

Sana. Mapinduzi ya Ufaransa yalikuwa yanaendelea, serikali ya Uingereza ilikuwa na hofu, magazeti na mikutano ilibanwa. Shaba ilipita pale karatasi ilipokamatwa.

Mtu wa kumkumbuka ni Thomas Spence. Alizaliwa Newcastle mwaka 1750, alikuwa mwalimu maskini, na aliamini jambo moja maisha yake yote: kwamba ardhi ni mali ya jamii ya mahali husika, na kodi ya ardhi igawanywe kwa wakazi wote, wanaume, wanawake na watoto. Wasomaji wa Kiswahili hawahitaji kuelezwa jinsi neno hilo linavyoweza kumpeleka mtu jela. Alikamatwa mwaka 1794 na kufungiwa miezi saba bila kesi.

Alipotoka alikuwa na duka dogo London, kichochoro cha Little Turnstile, akiuza vitabu, vinywaji vya moto na tokeni. Tokeni zake ni hasira iliyochongwa. Moja ina punda amebebeshwa matenga mawili, moja juu ya jingine, la kodi ya nyumba na mashamba na la kodi ya serikali. Nyingine ina paka ameketi wima, anakutazama machoni, na maneno yake: mimi katikati ya watumwa nafurahia uhuru wangu. Nyingine ina mtu aliyefungwa minyororo gerezani, anaguguna mfupa. Baadaye serikali ilipotoa sarafu mpya, Spence alizigonga hizohizo kwa mhuri wa maneno yake na kuzirudisha sokoni.

Nyingine zilisherehekea hukumu ya 1794, fundi viatu Thomas Hardy aliposhtakiwa kwa uhaini kwa sababu ya kudai haki ya kupiga kura kwa wanaume wote, na baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru.

Na ipo moja ambayo sikuweza kuzungumza nilipoishika mara ya kwanza. Mbele kuna Mwafrika amepiga goti, minyororo mikononi na miguuni, mikono imeinuliwa, na maneno yamemzunguka: je, mimi si mtu na ndugu? Ni picha ya muhuri wa chama kilichoundwa London mwaka 1787 kupinga biashara ya watumwa. Nyuma kuna mikono miwili imeshikana, na dua kwamba utumwa na uonevu vikome duniani kote. Ninayoizungumzia ilikuwa imechakaa sana, uso wa mtu yule umelika kabisa. Maana yake ilipita mikononi mwa watu kwa miaka mingi. Mtu alinunulia mkate kwa ile picha. Bunge la Uingereza halikupiga marufuku biashara hiyo mpaka 1807.

Zote zilitumika sokoni kweli?

Hapana, na hili huwakwaza wanaoanza kukusanya. Kufikia 1794 na 1795 kuzikusanya tokeni kulikuwa kumekuwa homa ya mjini. Watengenezaji waliona soko jipya, wakaanza kuunganisha mhuri wa mbele wa tokeni moja na wa nyuma wa nyingine, isiyo na uhusiano nayo, ili kuuza “aina mpya”. Wengine walitoa vipande vichache sana makusudi. Kempson alitoa mfululizo wa majengo ya miji ambao haukulenga kununua hata kiazi. Mimi huzithamini zaidi zilizochakaa.

Kwa nini ziliisha mwaka 1797?

Boulton hatimaye alipata kandarasi yake. Mwaka huo, kukiwa na vita na Ufaransa na Benki ya Uingereza ikiwa imesimamisha kulipa dhahabu, serikali ilimpa kazi ya kufua sarafu za shaba za peni moja na za peni mbili. Kabla ya hapo serikali haikuwahi kuwapa watu peni ya shaba. Peni ilikuwa aunsi moja, peni mbili aunsi mbili, zenye ukingo mpana ulioinuka na maandishi yaliyozama ndani yake, kwa hiyo watu wakaziita magurudumu ya mkokoteni. Zaidi ya peni milioni 40 zilitoka. Tazama ule uzito: aunsi moja kwa peni, kama Parys miaka kumi kabla.

Tokeni ziliendelea kidogo hapa na pale. Bei ya shaba ilipopanda nyingi ziliyeyushwa.

Zilirudi tena?

Ndiyo, kuanzia 1811, chenji ilipoadimika tena wakati wa vita na Napoleon, safari hii hata za fedha. Bunge lilizipiga marufuku mwaka 1817. Na zaidi ya karne moja kabla ya hizi zetu, kati ya 1648 na 1672, wenye maduka na vilabu vya London na miji mingine walikuwa tayari wametoa robo peni zao. Ugonjwa ni uleule.

Kwa nini wakusanyaji huziita “za Conder”?

James Conder alikuwa muuza vitambaa wa Ipswich aliyechapisha orodha ya tokeni hizi mwaka 1798. Jina hilo lina nguvu zaidi kwa wakusanyaji wa Marekani. Namba zinazotumika leo kuzitambua, zilizopangwa kwa majimbo, ni za Dalton na Hamer, waliotoa orodha yao kwa vipande kati ya 1910 na 1918.

Nimepata moja. Nianzie wapi?

Anza na ukingo. Soma kilichoandikwa hapo chini ya mwanga wa pembeni, kwa sababu mara nyingi ukingo ndio unaotofautisha aina mbili zenye picha sawa. Ukiona mstari mwembamba umezunguka ukingo mzima, au vitundu kama vya mkate kwenye uso, huenda ni nakala iliyomiminwa kwenye kalibu. Pima uzito.

Usiisafishe. Nilikuwa na nusu peni ya Anglesey yenye rangi ya chokoleti, miaka mia mbili ya mikono ya watu, nikaisugua kwa ndimu na chumvi kama tunavyosugua sinia. Iling’aa kwa siku tatu, ikageuka waridi iliyopauka, na mpaka leo iko hivyo. Rangi ile hairudi. Kama ina udongo, maji safi na kitambaa laini vinatosha.

Kuna uhusiano wowote na pesa zetu za pwani?

Upo mmoja wa kweli, unapitia kwenye mashine. Kiwanda cha Boulton cha Soho kilipokufa, mitambo yake ilipigwa mnada mwezi Aprili 1850, na Ralph Heaton wa Birmingham akainunua. Familia ya Heaton ikawa inafua sarafu za nchi nyingi. Mwaka 1888 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipotaka sarafu zake, rupia zilifuliwa kwa Heaton. Zina neno Mombasa, mizani, maandishi ya Kiarabu, na herufi ndogo H ya kiwanda. Hizo nazo zilikuwa pesa za kampuni, zenye jina la kampuni, ingawa hii ilikuwa na hati ya malkia mkononi na nchi ya watu wengine chini ya miguu. Ukiipata rupia ya Mombasa ya 1888 kwenye kasha la bibi, itafute ile H kwa lenzi kabla hujaigusa na kitambaa.